Vile Vile, Usilainishe

Wiki ya kwanza, Jumatatu. Mvua.

Haya, andika. Andika kwamba nimeanza kusema nikiwa na hasira, ili atakayesoma asije akashtuka mbele ya safari. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni kichwani, kwa hiyo kuandika siwezi. Nasema mimi, anaandika mjukuu wangu. Namwita mke mwenzangu. Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimwona tu anasema, "Mke wangu mdogo huyo anakuja, wewe mkubwa songa." Basi nikasonga. Ukewenza umebaki mpaka leo, mume mwenyewe hayupo.

Sababu ya kitabu hiki ni hii. Mke mwenzangu anasoma Kiingereza pale chuo kikuu, kwenye kozi ya wageni. Anataka ukunga. Ukunga hawakupi mpaka ufaulu Kiingereza, na Kiingereza chenyewe nusu ni kuandika, nusu ni kusema. Kuandika anaweza. Kusema, muhula uliopita walimweka mbele ya walimu watatu, akaangalia viatu vyake dakika kumi. Akaanguka. Akianguka na safari hii, kibali chake cha kukaa kinakufa, anarudi nyumbani, na ukunga ndiyo basi tena. Hilo ndilo linalonikosesha raha, si hii baridi.

Nilimwambia, "Mkunga asiyepaza sauti atazalisha nani? Mwenzio anasukuma, wewe unaangalia viatu?" Akacheka kwa pua. Hata kucheka anacheka kama anaomba ruhusa.

Sasa mwalimu wao kawapa kazi ya muhula mzima: kila mtu awe na daftari, aandike mambo ya nyumbani kwao kwa Kiingereza, ampelekee kila Ijumaa. Mke mwenzangu kakaa hapa mezani saa nzima, daftari la kijani liko wazi, jeupe kama yai. "Bibi, sina la kuandika." Nikamwambia mimi ninalo, mpaka hiyo kalamu iombe maji. Nitasema, wewe andika Kiswahili kwenye kitabu hiki kikubwa, kisha ugeuze Kiingereza kwenye hilo la kijani, umpelekee. Lakini vile vile. Nikisema pilipili usiandike sukari.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

"Vile vile?"

"Vile vile."

Jumanne. Mvua ile ile.

Leo nianze na huyo mwalimu, maana ndiye aliyetaka habari za kwetu, azipate.

Mimi pale chuoni ni mtu wa usafi. Mwanangu, baba yake huyu, alinitafutia kazi hiyo kabla hawajamhamishia kazi ya mbali. Naingia asubuhi mapema na ndoo yangu na deki, namaliza vyoo, namaliza madarasa, na korido naiacha mwisho ili ikauke watu wakiwa bado hawajafika. Naweka kile kibao cha njano chenye picha ya mtu anayeteleza. Hata asiyejua kusoma kama mimi anakielewa. Kila mtu anaelewa isipokuwa mwalimu mmoja. Nimempa jina Kikombe, kwa sababu haachani na kikombe chake cha kahawa, na kila anapokiweka kinaacha duara ambalo mimi ndiye nalisugua.

Kikombe anakuja, kibao anakiona, anakipita. Anakanyaga katikati ya sakafu yangu mbichi kwa viatu vyenye tope, kap, kap, kap, mpaka mlangoni kwake. Nasimama na deki yangu kama mlinzi aliyeibiwa mchana. Nampa salamu ya asubuhi, Kiingereza pekee ninachokijua. Haitikii. Si kwamba hasikii. Anatazama pale nilipo kama anayetazama ndoo.

Kwetu mtu anaweza kukuchukia, akakudai, akakuombea mabaya, lakini salamu ataitikia. Asiyeitikia salamu hata mbwa wake ana adabu kumliko. Andika hivyo.

"La mbwa pia, Bibi?"

"Hilo hasa."

Jumatano. Amekanyaga.

Alhamisi. Amekanyaga. Nimepiga deki mara mbili. Mgongo.

Wiki ya pili, Jumatatu.

Darasani wako kumi na wanne, wametoka kila pembe ya dunia. Yupo mmoja nimempa jina Sharubu, mzee mwenzangu kidogo, kwao alikuwa daktari wa mifupa. Amenieleza kwa mikono: akaunyoosha mkono wake, akauvunja hewani, akaunga. Anapokutana nami anaweka mkono kifuani na kuinama. Hatuna neno hata moja la pamoja na tunasalimiana vizuri kuliko watu wa nyumba moja. Huyo mtu amefungua miguu ya watu kwa kisu na kuifunga, halafu Kikombe anamsimamisha kama mtoto na kumwambia rudia, rudia, rudia. Mimi niko nje na kitambaa changu, nasikia. Nilisugua kitasa cha mlango mpaka nikaogopa kitatoka.

Mke mwenzangu hajasema neno leo. Ameulizwa mara tatu.

Wiki ya pili, Ijumaa.

Leo amepeleka daftari kwa mara ya pili. Nikamwuliza, "Yote umeyageuza? Ya viatu, ya salamu, ya mbwa?" Akasema, "Nimegeuza, Bibi." Nikamwambia vizuri. Mimi sitaki maneno yangu yapotee njiani kama sufuria yangu. Maana nina sufuria, kubwa, ya kupikia watu hamsini, wifi yangu aliiazima kwa siku moja ya msiba na mpaka leo ule msiba haujaisha. Miaka kumi na miwili! Kila nikimpigia simu anauliza habari za baridi. Baridi! Mimi nauliza sufuria.

Lakini huyu namwamini. Kule nyumbani nilikuwa namtuma kwa watu tangu mdogo, na ujumbe wangu ulikuwa unafika mtamu kuliko nilivyoutoa. Adabu hiyo nilimfunza mimi mwenyewe.

Mbona umeacha kuandika? Andika.

Wiki ya tatu, Jumatano. Mvua na upepo.

Leo hasira yangu ni kwako, mke mwenzangu, na utaiandika kwa mkono wako.

Nilikuwa nafuta dirisha la korido, lile linalotazama darasani. Kikombe kakuuliza jambo. Wewe ukainama. Kakuuliza tena. Ukasema kitu kidogo ambacho hata kola ya shati lako haikukisikia. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kila akiandika pale, mimi naona kibali chako kinachanwa ukingo. Kwa nini? Ulimi unao. Nimekulea mimi, mtu ambaye nikiamua kusema sokoni watu wanaahirisha kununua. Umerithi kwa nani ububu?

Namwuliza hapa sasa hivi, ananijibu, "Sijui, Bibi." Sijui! Andika: kasema hajui.

Wiki ya tatu, Alhamisi. Hatujaongea. Ameandika hii tu kwa sababu nimemlazimisha.

Wiki ya nne, Jumanne.

Fungua ukurasa mpya! Leo Kikombe ameniamkia.

Nilikuwa nimeinama kwenye kona ya ngazi, nasikia salamu ya asubuhi juu ya kichwa changu. Nikadhani anaongea na simu. Nainuka, yeye huyo, kainamisha kichwa, na neno "Bibi" kalitamka kwa Kiswahili! Kwa tabu, kama anayemeza dagaa mzima, lakini kalitamka. Nikabaki na deki mkononi, nimesahau Kiingereza changu chote, yaani lile neno moja.

Halafu akapita juu ya sakafu mbichi. Kap, kap, kap. Sawa, hilo litafuata.

Mnaona? Neno likitoka zito linafika. Kasoma la mbwa, limemwingia. Watu wananiambia kila siku, bibi punguza ukali, bibi nyumba ya watu hii. Nipunguze? Kama ningepunguza angeniamkia?

Mke mwenzangu anaandika huku kainamisha uso mpaka nywele zinagusa karatasi. Nimemwambia inua kichwa, utaharibu macho.

Wiki ya nne, Jumatano. Kaamkia. Kakanyaga.

Wiki ya nne, Alhamisi. Kaamkia. Kakanyaga. Leo nimemwonyesha kibao cha njano kwa kidole. Akatabasamu.

Wiki ya tano, Ijumaa.

Kulikuwa na jaribio la katikati ya muhula. Kusema, mke mwenzangu kapata alama za kumtia mtu kwikwi. Kuandika, kapewa sifa. Mwalimu kamwambia daftari lake ndilo zuri kuliko yote, bibi yake anaonekana ni mtu wa ajabu. Mimi! Nilicheka mpaka nikakohoa. Natukana mtu wiki tano na ananiita wa ajabu. Wazungumzaji kama mimi hatupewi vyeti, basi.

Sharubu hakufaulu kusema wala kuandika, na ilikuwa mara yake ya pili, kwa hiyo wamemtoa kwenye kozi. Leo alipita koridoni na mfuko wa vitabu vyake. Akaweka mkono kifuani. Halafu akauchukua mkono wangu huu wa kulia, unaoniuma kwa ajili ya deki, akaubonyeza mahali fulani chini ya kidole gumba, akauzungusha, akaurudisha. Umeacha kuuma. Mpaka sasa hauumi. Mtu wa namna hiyo ndiye wamemwambia hajui kusema.

Kiti chake nimekifuta mwenyewe. Nikatazama kiti cha pembeni yake, cha mke mwenzangu, nikakifuta pia, kisha nikaona nimefanya uchuro, nikatema mate kwenye ndoo.

Wiki ya sita. Mvua. Mvua. Mvua. Kila mtu anaingia na tope la dunia nzima. Sina la kusema ambalo mtoto wa watu aandike.

Wiki ya saba, Jumanne.

Leo hii haandiki mke mwenzangu. Anaandika mpishi wa kantini. Mpishi aliwahi kuishi kwetu miaka mingi, Kiswahili anakijua, na mdomo anao, lakini mkono wake mzuri. Mpishi, andika kila kitu, hata yale uliyoyafanya wewe.

Jana kiburi kilinipanda. Nikasema, maneno yangu yamesomwa na mtu wa chuo kikuu, yamemgeuza tabia, na mimi mwenyewe sijawahi kuyasikia. Mke mwenzangu alikuwa chooni. Nikachukua daftari la kijani kwenye mkoba wake, nikaja nalo kantini saa ya chai. Nikawaita wale wenzangu wawili wa usafi wakae. Nikamwambia mpishi, "Weka hicho kijiko. Tusomee. Geuza Kiswahili, kwa sauti. Anza na pale ninapomchana mwalimu."

Mpishi akafuta mikono. Akafungua. Akatazama jalada tena.

"Soma."

"Mama, una hakika ni lenyewe?"

"Soma!"

Akasoma. "Bibi yangu anafanya usafi katika jengo letu. Anaipenda kazi yake. Kila asubuhi mwalimu wetu humwamkia kwa heshima, naye hufurahi siku nzima. Bibi husema mwalimu wetu ni mtu mwenye adabu kubwa, na kwamba nina bahati."

Nikasema, "Ukurasa huo umekosea. Nenda mbele."

Akaenda mbele. "Leo nilikuwa kimya darasani. Bibi hakukasirika. Bibi ni mpole sana. Aliniambia, polepole ndio mwendo."

Mpole! Yule mwenzangu mnene wa ghorofa ya pili akaangua kicheko, chai ikamtoka puani. "Mpole! Huyu? Aliyefukuza fundi wa bomba kwa fagio?" Na wewe mpishi ulicheka, usijifanye. Andika: mpishi alicheka.

Nikarudi nyumbani, nikaliweka daftari mezani. Mke mwenzangu akaliona, akajua.

Nikamwambia, "Nilikuuliza kila siku. Vile vile? Ukasema vile vile."

Akasema, "Kwenye kubwa, Bibi. Kubwa ni vile vile. La kijani hukuniuliza."

"Niliuliza! Nilikuuliza umeyageuza, ukasema umegeuza!"

"Niligeuza, Bibi."

Hebu sikiliza hiyo! Wiki saba bubu, siku ya kunijibu mimi anakuwa wakili! Nikamwambia kamuuza bibi yake, kachukua mdomo wangu kaupaka asali bila ruhusa yangu, kaniweka mbele ya yule mtu kama kikongwe cha kwenye kalenda. Na kile kichwa Kikombe alichoniinamishia, kumbe hakikuwa changu. Aliinamia bibi mwingine, wa kutungwa. Wiki tatu nimeamkiwa kwa makosa!

Yeye je? Aliangalia viatu.

Wiki ya saba, Alhamisi. Anaandika mpishi.

Nyumba iko kimya. Tunapishana kama wageni wa hoteli. Ananipakulia chakula, nakula. Naosha sahani, anafuta.

Wiki ya saba, Ijumaa. Anaandika mpishi.

Mpishi leo kaniuliza swali akiwa anamenya vitunguu. "Mama, huyu mtoto alijifunzia wapi kulainisha maneno ya watu?"

Nikasema kwa mbwembwe, "Kwangu! Adabu hiyo hawafundishi shuleni. Ngoja nikupe kisa."

Nikaanza. Alikuwa na miaka minane. Sufuria yangu ilikuwa na wiki tatu kwa wifi. Nikamwita, nikamwambia, nenda kwa wifi, mwambie hivi: bibi anasema sufuria irudi leo, na kama umezoea vya watu, basi ni wewe tu na ukoo wenu wa wezi. Kumbuka ukoo wenyewe ndio wa mume wangu. Mtoto akaenda. Akayafikisha yote, hakuacha hata kidogo, kama alivyotumwa. Kabla maji hayajachemka, wifi huyo yuko uani kwangu, kajifunga khanga kiunoni, nyuma yake majirani kama arusi. "Umeniita mwizi?"

Watu wote wananitazama. Mume wangu kasimama mlangoni, yale ya ukoo wao yamemfikia. Mimi...

Hapo nikaanza kukunja kitambaa changu. Mpishi akauliza, "Ukasemaje?"

Nikasema, "Mimi? Nikasema: mimi niseme hayo? Huyu mtoto mwongo." Nikampiga kofi mbele yao wote. Wifi akaridhika, akaenda zake. Usiku ule nikamwambia mtoto, ujumbe wa mtu mzima unalainishwa, una akili gani wewe, unabeba maneno mabichi kama yalivyo? Na tangu siku ile hakuwahi kuniletea ugomvi tena. Mimi nikawa najisifu kwa watu: mjukuu wangu ana adabu, kila nikimtuma kunatulia.

Mpishi akaacha kumenya. Na mimi kisa hicho nimekisimulia mara ngapi, watu wanacheka, nacheka. Leo sikujua mahali pa kuchekea.

Nimekasirika, na safari hii hakuna mtu mbele yangu wa kumpa. Vitunguu usivitaje. Havihusiki.

Wiki ya nane, Jumapili.

Kalamu imerudi kwa mwenyewe.

Nilimkuta anapiga pasi. Nikamwambia, mtihani wa kusema, ule wa kuelezea daftari lako mbele ya walimu, umebaki wiki mbili. Peleka kitabu kikubwa. Geuza vile vile, hata la mbwa.

Hakuinua macho kwenye pasi. "Na ukinikana, Bibi?"

"Nikukane vipi?"

"Wakija kukuuliza. Mwalimu akija pale ulipo na ndoo, akasema mjukuu wako kaandika haya. Safari ile ulinikana."

Pasi ilikuwa inanuka, shati linataka kuungua, hakuna aliyeisogeza. Nilikuwa na maneno. Mimi nina maneno siku zote. Nilitaka kusema ulikuwa mtoto, nilitaka kusema mambo ya wakubwa, nilitaka kusema mbona hukuwahi kuniambia. Yote yalikuwa malaini. Nikayameza.

Nikamwambia, "Sikukani."

Akasema, "Tutaona." Kwangu! Anayesema "tutaona" mbele ya bibi yake, siku zile angeokota meno. Leo nilitoa pasi kwenye shati, nikakaa.

Wiki ya nane, Jumanne. Tumeanza kazi. Kila jioni yeye anagomba kwa Kiingereza, mimi nagomba kwa Kiswahili. Simwelewi, lakini najua mtu akiogopa ana sauti gani. Namwambia hapo umeogopa, rudia. Najisikia nasema kama Kikombe. Imeniudhi.

Wiki ya nane, Ijumaa. Leo kapiga meza. Glasi ikaanguka. Niliifagia kwa furaha, nikaficha uso.

Wiki ya tisa, Jumatatu. Kaamkia. Kakanyaga. Sikuitikia. Namsubiri asikie yangu kwanza.

Wiki ya kumi, Alhamisi. Mvua imekatika.

Mtihani ulikuwa saa nne. Chumba cha mwisho koridoni. Walimu watatu ndani: Kikombe, mama mmoja mwenye nywele fupi, na mwingine kijana. Mke mwenzangu akaingia na vitabu viwili, kikubwa na kijani, mlango ukafungwa.

Mimi nilipiga deki mbele ya mlango ule mara tano. Msimamizi wangu alipita, akatazama sakafu, akanitazama mimi, akaondoka.

Mwanzo ilikuwa sauti ya kusoma, ndogo, tamu, ile ya bibi mpole. Kisha kimya. Nikasema moyoni, viatu hivyo, kaviona viatu. Kisha ikaanza nyingine. Kwanza maneno yalitoka moja moja kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Halafu yakafuatana. Halafu yakapanda. Haki ya Mungu, nilisikia mkono umepiga meza! Kikombe akasema kitu, kifupi. Akajibiwa, kirefu. Yule mama akasema kitu, kwa sauti ya mtu anayetazama saa. Na mke mwenzangu akaendelea kusema juu ya sauti yake. Mkubwa anaongea na yeye anaongea! Nikakaa juu ya ndoo.

Ametoka shati limemganda mgongoni. Nikamvuta kantini, mpishi akaleta chai bila kuombwa.

"Sema."

"Nimewasomea ukurasa wa kijani. Halafu nimewasomea ule ule wa kwako. Viatu, salamu, mbwa."

"Na mbwa? Kikombe akasemaje?"

"Akawa mwekundu. Akaniuliza kwa nini niliandika kwamba anakuamkia wakati alikuwa hakuamkii."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kwetu anayebeba maneno ya kweli ndiye anayepigwa. Nikamwambia habari ya sufuria."

Nikaweka kikombe chini. "Umenitaja mle ndani?"

"Nimekutaja."

"Kwa ubaya?"

Akanitazama machoni, jambo ambalo hajalifanya tangu ana meno ya utoto. "Vile vile, Bibi."

Mpishi akageuka kutazama sufuria zake. Niliona aibu, na hasira, na juu ya yote nilitaka kumwuliza kama dakika kumi zilimtosha. Kabla sijauliza, mwenyewe akasema yule mama alimwambia muda umekwisha, naye akamjibu hajamaliza.

Jioni nilikuwa namalizia korido. Kikombe katoka na kikombe chake. Kafika kwenye kibao cha njano. Akasimama. Nikashika deki kwa mikono miwili. Nikasema kama anataka kuniuliza aniulize, yale ni maneno yangu, sikani hata moja, hata la mbwa. Nilisema kwa Kiswahili, hakuelewa kitu. Hakuuliza. Alisimama pale upande wa pili na mkoba wake mpaka sakafu ikakauka, na sakafu yangu siku isiyo na upepo haikauki haraka. Ndipo akapita, ukingoni, kando ya ukuta. Akaniamkia. Nikamwacha asubiri hatua tatu, nne. Kisha nikamwitikia.

Wiki ya kumi na moja, Jumatatu. Jua.

Amefaulu. Karatasi imebandikwa mlangoni. Mimi sisomi, lakini niliona kidole chake kinatelemka, kinasimama, na hakiondoki. Kusema kapata zaidi kuliko kuandika. Mwezi ujao anaanza ukunga.

Nimepiga vigelegele koridoni, msimamizi kanionya. Nimemwambia aandike barua.

Halafu tumerudi nyumbani, nikamwambia lete simu, mpigie wifi, uiweke sauti ya nje. Akauliza kwa nini. Nikamwambia piga, kisha ushike kalamu.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, wifi. Baridi vipi huko?"

"Baridi ipo. Wifi, lile jambo la zamani, lile la sufuria. Unajua siku zile tulikuwa na mambo mengi, msiba na nini, na mtoto naye alikuwa mdogo, pengine maneno yalichanganyika kidogo njiani..."

"Bibi." Mke mwenzangu kainua kalamu. "Unalainisha."

Nyumbani mwangu! Mtoto niliyemfulia nepi!

Nikavuta pumzi. "Wifi. Mwizi nilikuita mimi. Wewe na ukoo wenu. Yalitoka mdomoni mwangu kama yalivyokufikia, hakuongeza hata moja. Mtoto hakusema uongo. Mwongo nilikuwa mimi, na kofi lile lilikuwa la kwangu, nikampa yeye. Nimesema."

Nasubiri. Nasikia kuku wa wifi.

"Miaka kumi na miwili," wifi akasema, "unanipigia simu kutoka ng'ambo kuniita mwizi mara ya pili?"

"Ndiyo. Na yuko hapa anaandika. Sufuria yangu iko wapi?"

"Ilitoboka."

"Lini?"

"Mwaka ule ule."

Mwaka ule ule! Na simu zote hizi anauliza baridi! Mke mwenzangu kalala juu ya meza anacheka, na si kwa pua, anacheka mdomo wazi, machozi yanalowesha kitabu. Kisha kajifuta, kashika kalamu.

"Niandike na hilo, Bibi?"

Andika. Andika ilitoboka. Na andika kwamba mfuniko hautoboki, na mfuniko wangu nautaka.